Mwalimu na Rekodi ya Lokori

Kwa miezi minane Mwalimu alikuwa paji la uso na feni. Kipande cha paji chenye mikunjo miwili, nywele fupi zenye mvi, na juu yake feni ya darini iliyozunguka huku ikiyumba kama inataka kumwangukia. Yeye alikuwa Lodwar, mimi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na kamera yake hakuijali hata kidogo. Tulipomwomba aishushe kidogo tumwone, alijibu, "Uso yangu mnataka ya nini? Masikio iko."

Alizaliwa wapi na kwa nani, sikuwahi kuuliza. Wote walimwita Mwalimu, hata daktari wa Nairobi aliyemzidi kwa shahada, na mimi sitamwita vingine.

Tulikuwa wanne. Mwalimu alifundisha katika chuo kimoja Lodwar na ndiye aliyeongoza utafiti. Daktari alikaa Nairobi akichambua tulichokusanya. Ekale, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa upande wa Lokori, alihoji wachungaji waliovamiwa na wezi wa mifugo. Mimi nilitoka Kivu nikiwa msichana, nikawa mtu mzima kambini, na kazi yangu ilikuwa kuhoji wakimbizi wenzangu, Wakongo na Warundi wa Kakuma na Kalobeyei. Swali letu lilikuwa moja: mtu aliyeona watu wake wakiuawa mbele ya macho yake anaishije mwaka unaofuata, na ule unaofuata baada ya huo?

Kutoka Kakuma mpaka Lokori ni safari ya kumaliza siku, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Kwa hiyo tulifanya kazi mtandaoni, mahali tulipopaita Ukumbi. Humo mlikuwa na mafaili yetu yote, yanafunguka kwa wote wanne kwa wakati mmoja. Ekale akiandika kutoka kituo fulani cha biashara porini, mimi niliyaona maneno yakitokea herufi kwa herufi kwenye kompyuta yangu, karibu na jiko la makaa. Humo ndimo tulimofanyia kikao kila Jumanne saa nne asubuhi, kwa kamera, na kila kikao kilirekodiwa. Mimi ndiye niliyepewa kuutunza Ukumbi: nani aingie, nani aone nini, kipi kihifadhiwe.

Mwalimu hakupenda mashine lakini alielewa upesi kuliko sisi sote ni ya nini. Alisema humo ndani hakuna mkubwa wa kukalia faili. Halafu yeye mwenyewe alilikalia kila faili. Aliandika pembeni mwa kurasa zetu kwa ukali usio na adabu. Nilipoandika kwamba ndugu wa shahidi mmoja "walipoteza maisha", nilikuta ameniandikia: "Walipoteza wapi, tuwatafutie? Walikatwa kwa panga. Andika panga." Ekale alipoandika "mapigano yalizuka", aliambiwa: "Mapigano si upele. Nani alianza kupiga?" Siku nyingine aliandika neno moja tu, "Uongo", na ukikaa ukilitazama lile neno kwa nusu saa ulikuta ni kweli, umedanganya kidogo ili sentensi ipite.

Tena alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichoka. "Hapa hakuna kufuta. Ukikosea, acha kosa ikae, andika ile nzuri chini yake. Watu yetu wamefutwa ya kutosha."

Hasira zake zilikuwa za kutisha. Jumanne moja daktari alisifu simulizi la mjane wa Nakalale ambaye mumewe alipigwa risasi akiwa amembeba mtoto wao mgongoni, risasi ikawapitia wote wawili. Daktari akasema hiyo data ni tajiri sana. Paji la Mwalimu halikusogea. Kisha tukasikia mlio, picha ikazunguka, tukawa tunatazama dari. Alikuwa ameirushia kompyuta kikombe cha chai. Kompyuta ikiwa sakafuni, tukasikia sauti yake, ya taratibu kabisa: "Daktari, rudia. Tajiri wa nini?" Mwaka mzima baada ya hapo aliitumia kompyuta ile ile ikiwa na kioo kilichopasuka, na tulijua kwamba kila akimtazama daktari anamwona katika vipande.

Na bado mtu huyu, aliyeweza kusoma maelezo ya mauaji kumi kwa siku moja huku akitafuna mahindi, hakuweza kutazama mbuzi akichinjwa. Kisu kikitolewa tu, alitoka nje ya boma na kutembea mpaka mbuzi awe nyama. Kisha alirudi na kudai ubavu. Kwenye paja lake palikuwa na kovu la risasi aliyopigwa na majambazi barabara ya kusini, akisafiri na kuku mapajani. Alikisimulia kisa hicho kwa kicheko. Alisema damu ilipoanza kutoka alidhani kuku ametaga.

Nilikutana naye ana kwa ana kwa sababu ya kosa langu.

Nilikuwa nimehoji watu kumi na sita. Nikamwongeza wa kumi na saba. Niliandika kwamba ni mwanamke wa Kivu, kwamba wanaume wenye silaha waliingia nyumbani kwao wakati wa chakula cha mchana, kwamba baba yake aliambiwa achague mtoto mmoja wa kubaki hai. Niliandika kwamba alichagua. Sikuweka sauti, kwa kuwa hapakuwa na mahojiano. Nilikuwa peke yangu mbele ya kompyuta, na nilipofika kwenye sentensi ya nane niliona kale kamstari kadogo kanakopepesa, ka rangi ya Mwalimu, kwani Ukumbini kila mmoja alikuwa na rangi yake, kamesimama chini ya maneno yangu. Alikuwa ndani ya faili, ananisoma nikiandika. Niliacha. Kamstari kakakaa pale pale. Kisha simu yangu ikalia.

"Huyu mtu ya kumi na saba," alisema, "anaongea kama wewe."

Sikuweza kumdanganya. "Njo miye, Mwalimu," nilikiri kwa Kiswahili cha kwetu, kwamba ndiye mimi.

Alikata simu. Nilijua nimefukuzwa. Katika utafiti, mtu anayejihoji mwenyewe na kujipa namba ameghushi, hata kama kila neno ni la kweli. Siku mbili baadaye gari lilisimama nje ya chumba chetu cha kazi Kakuma, akashuka mwanamke mfupi, mpana wa mabega, anayechechemea. Nilimtambua kwa paji.

"Ejok," alinisalimia.

"Ejok, Mwalimu."

Alitoa kinasa sauti na karatasi ya ridhaa, ile ile ninayowapa wengine. Akanisomea yote, mstari kwa mstari: kwamba naweza kukataa, naweza kuacha katikati, na sauti yangu haitatumika bila sahihi yangu. Nikatia sahihi. Akabonyeza kinasa sauti. "Sasa sema. Pole pole, kwa utaratibu." Nilisema kwa saa tatu. Hakunishika mkono, hakunipa kitambaa. Nilipofika pale baba alipochagua aliniuliza tu, "Wewe ulikuwa umesimama upande gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilipomaliza alizima, akasema, "Ile ya kwanza tutaiacha kwenye faili na kuandika kwamba haikufuata utaratibu. Hii ndiyo kumi na saba." Akapanda gari akarudi Lodwar. Kwa ajili ya siku hiyo ningemfuata popote.

Ndiyo maana kilichokuja baadaye kilinikata vibaya.

Ilikuwa Jumanne kama nyingine. Ekale alikuwa nyuma ya duka, katika kituo kidogo nje ya Lokori, mahali palipokuwa na mtandao mzuri. Alikuwa anatueleza juu ya wanawake watatu aliowahoji. Mlio wa kwanza ulikuwa kama mtu ameangusha debe. Ekale aligeuza uso. Mlio wa pili, wa tatu, kisha ikawa mfululizo, na watu nje wakaanza kupiga kelele.

"Mwalimu," alisema, "imeanza."

Mara moja, kwa mara ya kwanza katika vikao vyetu vyote, tukauona uso mzima wa Mwalimu. Alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kamera. "Lala chini, Ekale. Simu weka chini, usizime. Daktari, piga polisi. Sasa!" Daktari alikuwa anauliza apige namba ipi, ipi, na Mwalimu akamtajia kutoka kichwani. Mimi nilikuwa nimekamata meza kwa mikono miwili.

Simu ya Ekale ilitazama paa la mabati. Tundu la mwanga likatokea kwenye bati. La pili. Tukasikia mlango ukipigwa teke. Kisha tukamsikia Ekale akiita jina la mtu. Hakuliita kwa hofu. Aliliita kama unavyomwita mtu mliyezoea kukutana sokoni. Akasema hilo jina, kisha kwa Kiswahili, "Ni wewe?"

Risasi zilikuwa mbili.

Aliyepiga aliondoka. Ekale alibaki anapumua kwa sauti, kama mtu anayekunywa maji kwa pupa. Na Mwalimu akaanza kumsemesha kwa Kiturkana. Sikijui vizuri, lakini nilisikia akimwita kwa jina la fahali wake, jina ambalo Mturkana huitwa na wanaompenda. Alimwita hivyo tena na tena, bila haraka, na katikati alimweleza habari za maji, za majani, za mahali fulani anapopajua Ekale. Dakika ishirini na mbili. Nilikuwa naziona zikihesabika pembeni mwa kioo, kwa kuwa kikao kilikuwa kinarekodiwa. Kisha pumzi ikaisha na Mwalimu akaendelea kusema kwa muda, halafu naye akanyamaza. Tukabaki watatu tunatazama matundu mawili ya mwanga.

Ekale alizikwa siku iliyofuata. Taarifa rasmi ilisema ni wahalifu wasiojulikana. Mwalimu alilipeleka lile jina kwa mkubwa mmoja wa usalama, kwa mdomo, mlango umefungwa. Hakuna aliyekamatwa. Alirudi mara ya pili, akaambiwa asubiri. Mara ya tatu mkubwa yule alikuwa amehamishwa.

Rekodi ilikuwa Ukumbini, mikononi mwangu. Daktari aliandika kwamba pengine hakuna timu ya watafiti duniani iliyowahi kupata ushahidi wa namna ile, na kwamba Ekale asingependa kifo chake kipotee. Mwalimu alijibu pembeni: "Ekale hakutia sahihi." Daktari hakubishana. Bali alimpelekea rafiki yake linki, asikilize tu, amshauri. Rafiki akamwambia mtu. Haukupita mwezi, mjini Lodwar watu walikuwa wanajua kwamba kuna sauti ya Ekale akimtaja muuaji wake, ila jina lenyewe halikuwafikia.

Ndugu watatu wa Ekale walikwenda kwa Mwalimu saa saba mchana. Mmoja alikuwa na bunduki. Walitaka sauti, au jina. Alikuwa navyo vyote viwili. Waliponda feni, waliponda sufuria, na yule mkubwa wao alimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka mfupa wa mkono ukatokeza nje ya ngozi. Waliondoka na kompyuta yenye ufa, ambayo haikuwafungukia.

Alinipigia kutoka hospitali. "Futa hiyo rekodi."

Nilidhani ni dawa zinazosema. "Mwalimu, hapa hakuna kufuta."

"Futa."

"Hapana," nilisema. Nilikuwa sijawahi kumwambia hapana.

"Basi kuja Lodwar."

Kibali kilichukua siku nne. Nilimkuta nyumbani kwake, mkono umefungwa plasta, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa kuwa viti vilivunjwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia kwamba kwetu waliuawa watu arobaini katika alasiri moja na haikubaki hata sauti moja. Hakuna aliyerekodi, kwa hiyo wauaji wanasema hatukuwahi kuwepo. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kufuta ni kuua mara ya pili. Nilimwambia anaogopa.

"Ndiyo, naogopa," alisema. "Wakipata jina wataenda. Hawataua mtu moja. Wataua boma yote, na watoto. Halafu wale watarudi Lokori kulipiza. Unataka nikuletee mashahidi wangapi, Mkongo wangu? Hamsini? Utawahoji wewe?"

"Ile sauti ni ya Ekale. Si yako kuifuta."

"Wala si yako kuiweka."

"Unamzika mara mbili, Mwalimu. Umekuwa kama wao."

Akanipiga kofi. Kwa mkono mzima, kwa nguvu zote, mpaka nikashika ukuta. Midomo ilipasuka. Niliisikia damu kwenye meno na kitu ndani yangu kikanyanyuka, na nasema kweli, nilitazama plasta ya mkono wake na nikajua mahali pa kumrudishia. Nilisimama hivyo, ngumi imekunjwa. Yeye hakurudi nyuma. Alikuwa analia bila kujifuta, na aliniambia, "Piga. Lakini ukimaliza, futa."

Sikupiga. Nilifungua kompyuta yangu juu ya mapaja. Niliondoa rekodi, nikamwaga na pipa ambamo vilivyofutwa husubiri, na mashine ikaniuliza kama nina uhakika, mara mbili. Daktari na rafiki yake walikuwa na linki tu, haina tena cha kufungua. Mwalimu alitazama mpaka mwisho. Kisha alinionyesha mlango kwa kidevu.

Utafiti ulivunjika. Daktari alihamia kazi nyingine. Mimi niliufunga Ukumbi, nikakabidhi mafaili mengine chuoni kwake, na miaka mitatu haikupita salamu kati yetu. Nilimchukia kwa bidii. Nilipopata timu yangu mwenyewe Kakuma, nilijikuta naandika pembeni mwa kurasa za wenzangu: "Walikatwa. Andika walikatwa." Hilo liliniongezea hasira.

Mwaka huu nikasikia kwamba alipata kiharusi mwaka jana, na kwamba kumbukumbu zimemtoka. Nikaomba kibali.

Geti lilifunguliwa na mwanamume mrefu, wa makamo, mwenye shuka begani na kibuyu cha maziwa mkononi. Aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja na Mwalimu.

"Mimi ndugu ya Ekale," alisema. "Ile mkubwa."

Nilitaka kurudi nyuma, lakini alishanipisha njia.

Mwalimu alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini mwa ukuta, amekonda, upande mmoja wa uso umelegea. Hakunijua. Alidhani mimi ni muuguzi, akaniambia sindano hataki. Kisha alianza kuongea peke yake, na yalikuwa majina. Majina ya watu, ya mito, ya mbuzi, yanatoka mfululizo bila mpango, mengine ya Kiturkana, mengine ya wanafunzi. Yule ndugu alikaa chini karibu na kichwa chake, akamnywesha maziwa kwa kijiko, akamfuta kidevu kwa ncha ya shuka. Na kila jina lilipotoka, alikuwa anasikiliza.

Jirani alikuwa ameniambia pale njiani kwamba kuna mwanamume huja kumhudumia kila siku. Kila siku, kwa mwaka mzima. Nilikaa pale jasho likinitiririka mgongoni, nikiomba Mwalimu anyamaze. Alitaja Yohana, alitaja Lokitaung, alitaja mtu aliyemwita mama. Saa nzima. Jina lile halikutoka. Sijui kama lilikuwa limefutika, au kama mahali fulani ndani yake, nyuma ya uharibifu wote ule, bado alikuwa amelikalia.

Alipolala, yule ndugu alinisindikiza mpaka getini. Hapo akasimama, akaziba njia kwa mwili wake.

"Siku ile ulikuwa ndani ya kikao," alisema. "Yeye amesahau. Wewe?"

Nililiona jina lile mbele yangu, lote, wazi kama limeandikwa. Nikamwona mwenye jina, ambaye sijawahi kumwona, na boma lake, na watoto wanatoka kuchota maji.

"Mtandao ulikuwa mbaya," nilimwambia. "Sauti ilikatika. Sikusikia."

Alinitazama machoni mpaka nikadhani atanishika. Kisha pumzi ikamtoka.

"Hivyo hivyo," alisema. "Neno kwa neno. Ndivyo alivyonijibu siku ile nilipomvunja mkono."

Akasogea nikapita. Nilipogeuka alikuwa amesharudi ndani, amepiga magoti penye mkeka, anamgeuza Mwalimu ubavu wa pili, taratibu, ameushika ule mkono usije ukalaliwa.